Nimetumikia nyumba moja miaka 42, na sasa nafsi inanisuta

Mshauri wetu, salaam.

Nimesoma majibu unayowapa wengine kwa muda mrefu, nikidhani mimi sina la kuuliza. Leo ninalo. Nimeiandika barua hii mara tatu, mbili nikazichana.

Nina miaka 62. Niliingia katika nyumba hii nikiwa na miaka 20, kufanya kazi za ndani, na sijawahi kufanya kazi mahali pengine. Siku ya kwanza Mama aliniuliza jina, nikamtajia. Akatabasamu, akasema hilo ni jina la binti yake mkubwa, itakuwa vurugu wawili tukiitika pamoja. Akanipa jina jingine palepale. Nimeitwa hilo kwa miaka 42. Siku hizi mtu akiniita kwa jina langu la kuzaliwa, nachelewa kugeuka.

Niseme mapema kwamba sikupigwa, sikutukanwa, sikulala njaa. Mama alikuwa mtu wa heshima na maneno machache, na mimi nilimpenda. Sina neno jingine. Nilizijua hatua zake. Nilijua kwa namna alivyoweka funguo mezani kama siku yake imekuwa mbaya. Watoto watatu wa nyumba hii wamepita mgongoni mwangu. Kitindamimba alikuwa na pumu, na usiku ikimshika nilikaa naye nimemwegemeza kifuani mpaka alfajiri, maana akilala chali pumzi inakata. Wageni walikuwa wakimwambia Mama, "Una bahati, mtu kama huyu hapatikani." Naye akijibu, "Huyu si mfanyakazi. Huyu ni mmoja wetu." Nikilisikia hilo nikiwa nimeshika sinia, siku hiyo nzima nafanya kazi miguu haigusi chini.

Kwa neno hilo nilifanya mengi. Mzazi wangu alipofariki, nyumbani kulikuwa na ugeni wa wiki nzima. Mama hakunikataza kwenda. Alisema tu, "Sijui tutafanyaje bila wewe." Nikabaki. Nilifika kaburini siku nne baada ya mazishi.

Ninaye kijana mmoja wa kumzaa. Nilimpeleka kwa mdogo wangu akiwa na miezi saba, ili nirudi kazini. Sasa ana miaka 36. Anamwita mdogo wangu Mama, na mimi ananiita Mama Mkubwa. Hatujagombana.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kingine. Miaka 23 iliyopita aliletwa msichana wa kunisaidia, mwenye miaka 17. Alikuwa mchapakazi, mwepesi wa kucheka. Alipotimiza miezi mitano, bangili ya dhahabu ya Mama ikapotea. Mama alituita sebuleni. Mimi hakuniuliza kama nimeichukua. Aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nilijua yule msichana hana hatia. Tulilala chumba kimoja, na kila alichokuwa nacho kilienea kwenye mfuko mmoja ambao nilikuwa nimemsaidia kuupanga. Lakini niliona usoni mwa Mama kwamba ameshaamua, na mimi sikuwa nimewahi kusimama upande asiosimama yeye. Nikasema, "Mama, wewe ndiye unayejua." Alifukuzwa usiku uleule bila mshahara wa mwezi ule, na habari zikazagaa kwa majirani kwamba ni mwizi.

Wiki sita baadaye nilivuta kabati nifagie nyuma yake, bangili ikadondoka kutoka nyuma ya droo. Nilimpelekea Mama mbio, nikitetemeka kwa furaha, nikijua sasa yule msichana ataitwa arudi. Mama aliifuta kwa leso, akaivaa, akasema, "Tusifufue yaliyokwisha. Hili libaki kati yangu na wewe." Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Nilifurahi. Nilijiona nimepandishwa cheo, kwamba sasa siri ya Mama iko kwangu. Nimeitunza miaka 23.

Sasa nyumba inauzwa. Watoto wameamua. Mama amepoteza kumbukumbu, na kila asubuhi nikifungua pazia ananiuliza, "Wewe ni nani?" Namjibu, "Ni mimi, Mama, mtumishi wako." Atahamia kwa binti yake mkubwa. Juzi nilikuwa nakunja mashuka chumbani kwake, na yule kitindamimba ameketi ukingoni mwa kitanda anazungumza kwenye simu. Nadhani aliulizwa yuko na nani. Akajibu, "Hakuna mtu, nipo mimi na Mama tu." Kati yangu na yeye hapakuwa na hatua mbili. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kuliweka.

Tangu hapo silali. Saa nane za usiku nashtuka, namwona yule msichana na mfuko wake, anatoka.

Watoto wananiomba niende na Mama kwa miezi mitatu mpaka azoee, halafu "tutaona". Habari za malipo ya miaka yangu hakuna aliyezigusa, nami naona aibu kuuliza, maana mtu hadai malipo kwa nduguze. Hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba nilikuwa mfanyakazi hapa.

Je, niende nao? Je, niseme ukweli wa bangili wakati Mama hawezi tena kujitetea? Na je, maisha yangu yote nimeyatupa? Nijibu bila kunionea huruma.

Mimi, mtumishi wa miaka 42.

*

Shikamoo, Mama.

Nakuamkia hivyo kwa kuwa kwa umri ungeweza kunizaa, na kwa sababu nyingine ninayotaka kuianza nayo. Nina kawaida ya kusoma barua na kalamu mkononi, nikipigia mstari maneno yanayorudi. Katika barua yako neno "Mama" limejaa ukurasa, na kila lilipo ni yeye, isipokuwa pale mwanao anapomwita hivyo mdogo wako, na wewe akakuita Mama Mkubwa. "Watoto" ni wa kwake. "Nyumbani" ni kwake. Aliyekuzaa umemwita "mzazi wangu", kana kwamba jina lake lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine. Na mwanao umempa mistari michache, ukaifunga kwa "hatujagombana", ukaendelea na safari. Kuanzia hapa yule bibi nitamwita mwajiri wako, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Neno Mama nalirudisha kwako.

Umeuliza kama maisha yako umeyatupa, nami nitaanza na hilo ingawa umeliweka mwisho. Mtoto aliyekosa pumzi uliyemshika kifuani mpaka kukapambazuka, alipumua kwa sababu ulikuwepo. Hilo lilikuwa jema siku ile na bado ni jema leo, hata kama mtoto huyohuyo amekua na kusema mbele yako kwamba hakuna mtu. Naona katika barua yako hatari ya kufagia kila kitu kwa ufagio mmoja: kwa kuwa uliyempa hakustahili kila ulichompa, basi ulichotoa nacho kilikuwa takataka. Sikubaliani. Mapenzi yako kwa wale watoto yalikuwa yako, na kazi ya mikono yako ilikuwa safi.

Kosa lilikuwa mahali pamoja, na wewe mwenyewe umelionyesha kwa maneno matatu: "wewe ndiye unayejua". Ulisema hivyo usiku mmoja sebuleni, lakini naamini ulikuwa umekwisha kuishi hivyo kwa miaka 19 kabla yake. Ugeni ukija na mzazi wako amefariki, yeye ndiye anayejua. Jina lako likibadilishwa, yeye ndiye anayejua. Ilipofika zamu ya yule msichana, macho yako yalikuwa yameuona ule mfuko, moyo wako ulijua kilichomo na kisichokuwamo, na bado ukamwachia mtu mwingine ajue kwa niaba yako. Kazi aliyokulipa haikuhitaji hilo. Hata upendo haukuhitaji hilo. Kama ungemwambia, "Mimi nalala naye chumba kimoja, hajachukua," ungekuwa mtumishi mwaminifu kuliko ulivyokuwa, kwa sababu ungemzuia asitende dhuluma.

Pengine angekufukuza na wewe. Nalikubali hilo. Ulikuwa na umri wa miaka 39, huna chumba popote, una mtoto kwa ndugu. Hofu yako ilikuwa na msingi, na sitaki uisahau unapojihukumu saa nane za usiku. Ila umeniambia mwenyewe kwamba wiki sita baadaye hofu haikuwepo. Palikuwa na furaha ya kupewa siri. Umekuwa mkweli kuliko watu wengi wanaoniandikia, na ukweli huo ndio unaonipa matumaini nawe.

Sasa lile neno "mmoja wetu". Wewe siye wa kwanza kulisikia ukiwa na sinia mkononi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6, watatu kati ya kila wanne wakiwa wanawake, na wanane kati ya kila kumi wako kwenye ajira isiyo rasmi: bila kinga wala mafao, wengi bila hata karatasi, kama wewe. Nyumba inayokuita ndugu huwa haioni sababu ya kukuandikia mkataba, na wewe unayeitwa ndugu huoni uso wa kuudai. Ndiyo maana shirika hilo lilipopitisha Mkataba Namba 189 huko Geneva tarehe 16 Juni 2011, ambao ulianza kutumika tarehe 5 Septemba 2013, kifungu chake cha kwanza kabisa kilieleza mfanyakazi wa nyumbani ni nani: mtu anayefanya kazi katika nyumba ya watu ndani ya uhusiano wa ajira. Uhusiano wa ajira, Mama. Mkataba huo unataka mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, unasema mfanyakazi halazimiki kubaki ndani ya nyumba siku yake ya mapumziko, na unataka awe na hifadhi ya jamii isiyo duni kuliko ya wafanyakazi wengine. Unazifunga nchi zilizouridhia, na hata ambazo hazijauridhia nyingi zina sheria zao za kazi. Nimeyataja haya ujue kwamba swali la malipo yako si la ndugu kudai ndugu. Ndugu angeitwa kwenye kikao cha kuuza nyumba. Wewe uliitwa?

Kiswahili kina neno kiinua mgongo. Watoto watatu wamepita mgongoni mwako, na sioni neno linalokufaa kuliko hilo. Kabla nyumba haijauzwa na watu hawajatawanyika, chukua daftari uandike: mwezi na mwaka ulioanza, kazi ulizofanya, mshahara uliokuwa ukipewa na jinsi ulivyolipwa, likizo ulizopata na ambazo hukupata, majina ya watu waliokuona kazini, hata kama ni jirani au fundi aliyekuwa akija kutengeneza bomba. Mkataba wa maneno nao ni mkataba, na mashahidi ni ushahidi. Peleka daftari hilo ofisi ya kazi, au chama cha wafanyakazi wa nyumbani kama kipo karibu nawe, au kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo, uulize unadai nini na kwa muda gani. Madai ya kazi mara nyingi huwa na ukomo wa muda. Ukikaa sana yanakufa. Na ukiletewa karatasi ya kutia sahihi kwamba umelipwa kila kitu, usiitie mpaka mtu unayemwamini awe ameisoma. Ukishajua haki yako, zungumza na wale watoto watu wazima kwa utulivu. Inawezekana hawakuwahi kufikiria, na wengine huona aibu ya kweli wakionyeshwa. Wape nafasi hiyo. Lakini usianzie kwao.

Kuhusu miezi mitatu, jibu langu ni usiende.

Najua litakuuma. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio la watu walionunua tiketi za tamthilia za msimu mzima. Baadhi yao walipunguziwa bei bila kutarajia, wengine wakalipa kamili. Tamthilia zilikuwa zilezile, viti vilevile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa kamili walihudhuria zaidi. Tukishatoa kingi, kuacha kunafanana na kukitupa tulichotoa, basi tunaongeza kingine juu yake. Wewe umelipa miaka 42, na miezi mitatu kando yake inaonekana si kitu, kwa hiyo itakuwa rahisi mno kusema ndiyo. Halafu ile "tutaona" itakuwa miaka mitatu, na utakuwa na 65, ukiwa kwenye chumba cha nyumba nyingine ambayo si yako.

Kama unamhurumia yule mgonjwa, na naona kwamba unamhurumia, kuna jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kumfanyia. Mtu aliyepoteza kumbukumbu hutulizwa na mazoea. Andika mazoea yake yote: anaamka saa ngapi, anapenda maji ya moto kiasi gani, analalia ubavu upi, neno gani linamkasirisha, wimbo gani unamnyamazisha, pazia lifunguliwe kabla au baada ya kusalimiwa. Mkabidhi binti yake mkubwa, na ukae na atakayechukua nafasi yako kwa siku chache mlizokubaliana mapema, zikiwa na tarehe ya mwisho na malipo yake. Hapo utakuwa umemtendea wema bila kujirudisha kifungoni.

Sasa yule msichana.

Umeuliza kama ni haki kusema wakati mwajiri wako hawezi tena kujitetea. Yule msichana naye hakuweza kujitetea, na alikuwa na miaka 17. Sema. Leo ana miaka 40. Sijui alipata kazi wapi baada ya kuitwa mwizi, wala wewe hujui, na kutojua huko ndiko kunakokuamsha usiku. Anza kwa kuandika maelezo kwenye karatasi, na uyatie sahihi kwa jina lako la kuzaliwa. Kisha mtafute polepole kupitia watu waliomleta kazini au waliofanya naye kazi baadaye. Usimvamie mlangoni. Mtumie mtu aulize kama yuko tayari kukuona, na akikataa, omba apelekewe ile karatasi, maana inaweza kumfaa hata kama wewe humfai.

Akikubali kukuona, maneno ni machache. "Nilijua hukuichukua. Niliulizwa, sikusema. Bangili ilionekana baada ya wiki sita, na mimi ndiye niliyeiona. Nimekaa kimya miaka 23." Ukishayasema, nyamaza. Usianze na hofu yako, usianze na jinsi ulivyompenda mwajiri wako, na jitahidi sana usilie mbele yake mpaka yeye ndiye akubembeleze, kwa kuwa hapo utakuwa umemfanyisha kazi tena. Anaweza kukutukana. Anaweza kukuuliza kwa nini leo, na jibu la kweli ni kwamba ulichelewa. Anaweza kukusamehe au asikusamehe, na lolote atakalochagua usiligeuze kuwa swali jingine kwake.

Waambie pia watoto wa nyumba ile, kwa kuwa walikua wakiamini kwamba alikuwa mwizi, na mshahara wa mwezi ule bado ni deni la nyumba yao. Ila nakuomba kwa msisitizo: usiichanganye bangili na madai yako ya malipo. Usiseme "nisipolipwa nitasema", wala usinyamaze ili ulipwe vizuri. Madai yako yapelekwe kwenye ofisi ya kazi kama madai ya kazi. Ukweli wa yule msichana ni wa kwake, na umeshafanywa bidhaa mara moja, siku ulipoupokea kama cheo.

Usiku mfupi ulionao sasa unaweza kuendelea kwa muda. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika mwaka 1963 kwamba mtu mwenye umri mkubwa kuyapitia maisha yake upya, pamoja na ya kuumiza, ni jambo la kawaida la uzee wala si dalili ya kuharibikiwa. Kwa hiyo usiogope kwamba akili inakutoka. Lakini usingizi ukiendelea kukimbia kwa wiki nyingi, au ukianza kuona heri ungekuwa haupo, nenda hospitali ukamwone daktari, usisubiri barua yangu nyingine.

Na kuna msiba katika barua yako ambao hukuutaja kama msiba. Unampoteza mtu uliyempenda miaka 42, naye bado anapumua. Kenneth Doka, aliyeandika sana kuhusu huzuni, mwaka 1989 alieleza habari za majonzi ambayo jamii haiyatambui, ambapo mfiwa hahesabiwi kuwa mfiwa kwa sababu uhusiano wake na anayeondoka haukuwahi kukubaliwa. Siku mwajiri wako atakapofariki, watu watawapa pole watoto wake. Kwako hatakuja mtu. Basi pole, Mama. Nakupa mapema, na ninaitoa kwa moyo wote, kwa mapenzi uliyokuwa nayo, hata kama yalikupeleka pabaya.

Nimebakiza mwanao kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko ningependa uende utakapofunga mlango wa nyumba ile. Usiende kumwomba akuite Mama. Jina hilo mdogo wako amelifanyia kazi kwa miaka 36, na kumnyang'anya ni kurudia walichokufanyia wewe. Nenda ukae kama mgeni mwenye adabu. Muulize mdogo wako alikuwa mtoto wa namna gani, aliogopa nini, aliugua nini, nani alimshika akiugua. Sikiliza hata kama kila jibu linakuchoma. Kisha, siku mkiwa wawili, mwambie mwanao ukweli kuhusu miaka yako, pamoja na bangili, ili akujue ulivyo. Na kama atakubali, mwende pamoja kwenye kaburi la bibi yake, ambako ulichelewa kwa siku nne.

Bado kuna asubuhi chache za kufungua lile pazia. Mwajiri wako atakuuliza tena, "Wewe ni nani?" Usimjibu kwamba ni mtumishi wake. Mtajie jina ulilopewa na wazazi wako.